Chama cha madaktari na bei ya habari

Dalali wa nafaka katika soko la Tandale halali bila kujua mahindi ya Kibaigwa yameamkaje. Kabla lori halijafika Chalinze amekwishapigiwa simu na mtu wake wa huko juu, amekwishajua gunia limepakiwa kwa shilingi ngapi, na amekwishaamua kama mzigo wa jana uuzwe asubuhi au usubiri mchana. Hana chama chenye rais, katibu na mweka hazina. Ana simu, ana watu, na ana sababu ya kutaka kujua.

Hatua chache kutoka hapo, katika zahanati ya mtaani, daktari mwenye shahada, leseni na kadi ya uanachama anaweza kusikia redioni, sambamba na wagonjwa wake waliokaa kwenye benchi, kwamba bei ya huduma anayoitoa imebadilishwa. Huyu ni mfanyabiashara wa ajabu. Anauza huduma ambayo bei yake hupangwa na mwingine, sheria zake hutungwa Dodoma, na habari za biashara yake humfikia wakati wateja wanazo tayari.

Wapo watakaosema udaktari ni wito, usichanganywe na magunia ya mahindi. Wito upo, na Mungu awazidishie wenye nao. Lakini tangu serikali iliporuhusu tena tiba ya kulipia, daktari wa Kinondoni analipa pango, umeme, mshahara wa muuguzi na leseni kadha wa kadha, na wenye nyumba hawapokei wito mwisho wa mwezi. Kwa mtu huyo habari ni mtaji, na chama chake cha kitaaluma ndicho kingepaswa kuwa dalali wake wa kwanza.

Chama cha Madaktari Tanzania, ambacho wengi wanakifahamu kwa kifupi chake cha MAT, kina mizizi katika miaka ya 1960. Nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo waliohesabika walikuwa 12 tu. Hata idadi ilipoongezeka, wengi walikuwa chini ya mwajiri mmoja, yaani serikali, na sehemu kubwa ya waliokuwa Dar es Salaam walizunguka Muhimbili. Kuwasiliana na wanachama wa namna hiyo hakukuhitaji maarifa makubwa. Tangazo likibandikwa ubaoni asubuhi, jioni kila mtu alikuwa nalo, na aliyekuwa likizo aliambiwa na mwenzake wa zamu.

Sheria ya mwaka 1977 iliyopiga marufuku hospitali za watu binafsi za kujipatia faida iliwaweka madaktari hao pamoja kwa miaka mingi zaidi. Walibaki serikalini na katika hospitali za mashirika ya dini. Mlango ukafunguliwa mwaka 1991, enzi ya Mzee Ali Hassan Mwinyi, sheria iliporekebishwa na zahanati za watu binafsi zikaruhusiwa. Ndipo mitaa ya Kinondoni ikaanza kuota mabango yenye msalaba mwekundu na herufi za "Dk." mbele ya jina. Mikocheni tayari kulikuwa na hospitali aliyoianzisha Profesa Hubert Kairuki mwaka 1987, na mwaka 1997 chuo kikuu cha tiba kikazaliwa hapo hapo.

Leo wilaya hiyo ni nchi nyingine. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 982,328 katika Kinondoni pekee, na hapo Ubungo imekwishakatwa na kuwa wilaya yake. Kuanzia Morocco hadi Bunju, daktari mmoja yuko Hospitali ya Rufaa ya Mwananyamala chini ya serikali, mwingine yuko Lugalo chini ya jeshi, wa tatu yuko CCBRT Msasani, wa nne kaajiriwa na hospitali ya mfanyabiashara, wa tano ana zahanati yake Tegeta na asubuhi anafanya kazi ya mshahara kwingine. Yupo hata asiyeshika kipimo kabisa, anakagua fomu za madai katika kampuni ya bima. Wote hao wanaweza kuwa wanachama wa chama kimoja, na kila mmoja ana swali lake. Ule ubao wa matangazo hauwezi tena kuwahudumia, hata ukihamishiwa ndani ya simu. Kwa sababu taarifa moja inayotumwa kwa wote kwa maneno yale yale ni ubao ule ule.

Sauti tatu za mwaka 2012

Mawasiliano ya chama hupimwa siku ya dhiki, na siku hiyo iliwafika madaktari mwaka 2012.

Mgogoro ulianza Januari kwa madaktari wa mafunzo kwa vitendo pale Muhimbili, ukatapakaa. Jambo la kutazamwa ni kwamba aliyesikika zaidi akizungumza kwa niaba ya madaktari hakuwa MAT. Ilizaliwa Jumuiya ya Madaktari, ikiongozwa na Dk. Stephen Ulimboka. Februari 9 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alikwenda Muhimbili kukutana na madaktari, na Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya pamoja na Mganga Mkuu wa Serikali wakasimamishwa. Mgomo ukatulia. Juni ukaibuka upya.

Serikali ikaenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na amri ya kusitisha mgomo ikakitaja MAT. Walioonekana kuushika usukani wa mgomo ni Jumuiya. Fikiria hapo hali ya daktari kijana aliye zamu ya usiku Mwananyamala au Temeke. Mahakama inazungumza na chama chake. Jumuiya inazungumza naye. Mganga mfawidhi anazungumza naye pia, tena kwa barua ya kumtaka aeleze kwa nini asichukuliwe hatua. Nani anamwambia kwa uhakika kwamba amri imetoka, inamhusu au haimhusu, na akiivunja kitamfika nini?

Usiku wa Juni 26 Dk. Ulimboka alichukuliwa na watu wenye silaha katika viwanja vya Leaders Club, Kinondoni, na kesho yake akapatikana katika msitu wa Mabwepande akiwa ameumizwa vibaya. Hofu iliyofuata haikuhitaji kuelezwa. Uvumi ulijaa kila simu ya mkononi. Mamia ya madaktari wa mafunzo kwa vitendo walisimamishwa na mashauri yao yakapelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, chombo chenye uwezo wa kumruhusu mtu kuitwa daktari au kumnyima.

Mengi yamesemwa kuhusu mgomo ule, nani alikuwa na haki na nani alikosa, na walioumia zaidi walikuwa wagonjwa ambao hawakuwa na chama chochote. Kwa mada ya leo swali ni dogo zaidi. Kwa nini wanachama wajenge kibanda kipya wakati nyumba ipo?

Jibu rahisi ni kwamba hawakuipenda nyumba. Jibu hilo halitoshi. Daktari wa mafunzo kwa vitendo ndiye mtu wa kwanza kupotea katika daftari la chama chochote. Hajasajiliwa kikamilifu, yuko kituoni kwa mwaka mmoja, anahama, anabadili laini ya simu, na ada ya uanachama kwake ni nauli ya daladala ya wiki kadhaa. Wakati huo huo ndiye anayelala wodini. Ndiye anayejua kwanza kwamba glovu zimekwisha na posho imechelewa. Chama kisichomfikia huyu hakikosi msikilizaji tu. Kinakosa mwandishi wake wa habari aliye karibu kabisa na tukio. Malalamiko yanayoanzia kwake yasipopata njia ya kupanda, yatatafuta njia nyingine, na mwaka 2012 yaliipata.

Ipo pia hali ya watu kutojua nani ni nani. Baraza ni la kisheria, na bila hilo hakuna kazi. MAT ni chama cha hiari cha wanataaluma. Chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, yaani TUGHE, ni cha masuala ya ajira. Daktari anayekatwa pesa kwenye mshahara hupeleka lawama kwa chama cha taaluma, na anayetaka kuhuisha leseni hulalamikia chama kwa ucheleweshaji ambao si wake. Karatasi ya ukurasa mmoja inayosema jambo hili liende mlango huu, lile liende mlango ule, ingepunguza nusu ya manung'uniko kwa gharama ya wino.

Kitita kipya, maumivu ya zamani

Dhiki ya pili ni ya juzi juzi, na hii ni ya soko moja kwa moja. Machi 1, 2024 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianza kutumia kitita chake kipya cha mafao na bei. Wenye hospitali na vituo binafsi, kupitia chama chao cha APHFTA, walisema bei hizo haziendani na gharama. Katika siku za mwanzo za mwezi huo hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwapokea wenye kadi za NHIF, kabla ya mazungumzo kurejesha huduma.

Hesabu yake si ngumu. Chukua kituo kinachopokea wagonjwa 40 wa bima kwa siku. Bei ikishuka kwa shilingi 1,000 tu kwa kila mgonjwa, kituo kimepoteza shilingi 40,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 1,040,000. Hapo ama mfanyakazi mmoja ataondoka, ama mashine haitafanyiwa matengenezo, ama mgonjwa atatafutiwa kipimo asichokihitaji ili pengo lizibwe. Hilo la mwisho halisemwi hadharani, lakini kila mlipaji bima analijua.

APHFTA ni chama cha wenye vituo. Daktari aliyeajiriwa na vituo hivyo si mwanachama wake, naye ndiye aliyesimama mbele ya mgonjwa. Mama wa Kawe mwenye presha na kisukari anakuja na kadi yake kama ilivyo kawaida kila mwezi, karani wa dirishani anamwambia alipe taslimu, na mama anamgeukia daktari wake wa miaka mingi: "Baba, sasa mimi nifanyeje?" Daktari huyo alihitaji kujua mambo machache, siku mbili kabla, kutoka kwa watu wa taaluma yake. Mgonjwa wa dharura apokelewe vipi? Mwenye dawa za kudumu apewe za muda gani na aelekezwe hospitali ipi ya serikali? Mwajiri akimwamuru amrudishe mgonjwa mahututi, maadili ya kazi yanasemaje, na nani atamtetea akikataa amri hiyo? Maswali haya hayahusu bei. Ni ya taaluma tupu, na chama cha taaluma ndicho chenye kazi ya kuyajibu. Tena mapema, kwa sababu jibu linalofika Machi 10 kwa swali la Machi 1 ni historia.

Huenda jibu la wengi likawa kwamba siku hizi yapo makundi ya WhatsApp. Yapo, na yanasaidia. Daktari wa Bunju mwenye mtoto mwenye upele asioufahamu hupata ushauri wa bingwa ndani ya dakika tano, jambo ambalo miaka ya 1990 lingehitaji barua, faksi na bahati. Ila kundi la simu lina tabia ya gulio: anayepiga kelele zaidi ndiye anayeuza. Waraka wa kweli na waraka wa kughushi hupita kwa mwendo mmoja, salamu za Ijumaa na matangazo ya viwanja vya Kibaha vikiwa katikati. Asubuhi mtu anakuta ujumbe 200 na anafuta wote, pamoja na ule mmoja uliokuwa na maana. Kisha kuna picha za wagonjwa. Kuanzia Mei 2023 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kazi, na picha ya eksirei yenye jina la mgonjwa pembeni, ikizunguka kwenye simu za watu 500, ni kesi inayosubiri mlalamikaji. Chama kinachowaachia wanachama wake makundi hayo kama njia pekee ya kupashana habari kimewaachia na hatari yake.

Ghana walianza kwa kutoa

Kuna mfano wa Afrika Magharibi ambao haukuhitaji fedha za kutisha. Mwaka 2008 Chama cha Madaktari cha Ghana kilielewana na kampuni ya simu ya Onetouch, madaktari wakapewa laini za kuwawezesha kupigiana na kutumiana ujumbe wao kwa wao bila malipo. Daktari wa wilayani akaweza kumpigia bingwa wa Accra bila kuhesabu vocha. Manufaa kwa mgonjwa yalikuwa wazi. Lakini chama nacho kilipata kitu ambacho vyama vingi vinakiota: orodha ya kweli ya namba za simu za madaktari, iliyotengenezwa na wanachama wenyewe kwa hiari, kwa sababu kila mmoja alitaka kuwemo.

Hapo ndipo vyama vingi vinapoanzia mwisho. Vinamtaka mwanachama alipe ada, ajaze fomu, alete picha mbili za paspoti, kisha asubiri. Dalali wa Tandale hafanyi hivyo. Anampa mkulima habari ya bei kwanza, bure, na mkulima anamrudia na mzigo.

Kenya ni mfano wa aina nyingine. Huko chama cha wafanyakazi madaktari, KMPDU, kilisajiliwa mwaka 2011, kando ya chama cha kitaaluma kilichokuwepo tangu zamani. Mgomo wa Desemba 2016 ulipodumu siku 100, daktari wa Lodwar na wa Nairobi walikuwa wakidai kitu kimoja, yaani mkataba wa mwaka 2013, na kila mmoja aliweza kuueleza. Mgomo mwingine ukafuata mwaka 2024 kwa siku 56. Mtu anaweza kuikosoa migomo hiyo kwa haki kabisa, maana siku 100 bila daktari ni makaburi. Lakini hakuna anayeweza kusema wanachama hawakujua viongozi wao wanadai nini.

Haki itendeke kwa viongozi. Rais au katibu wa chama cha kitaaluma hapa nchini kwa kawaida ni mtu mwenye ajira yake, wagonjwa wake na wanafunzi wake. Barua za chama anazisoma usiku. Anapopigiwa simu na mwandishi wa habari saa moja jioni atoe tamko, hana muda wa kuwauliza maelfu ya watu. Na wanachama wenyewe si malaika. Wengi hukumbuka ada siku wanapohitaji barua ya utambulisho, hawahudhurii mkutano, kisha hulalamika kwamba uamuzi umefanywa bila wao.

Ndiyo maana kazi hii haifai kuachwa kwa hisani ya viongozi. Inataka mtu wa mshahara. Mtu mmoja, mwenye meza, kompyuta na simu inayopokelewa, ambaye asipojibu anaulizwa. Gharama yake inapimika: wanachama 1,000 wakichangia shilingi 20,000 kila mmoja kwa mwaka ni shilingi milioni 20, fedha inayotosha kumlipa karani mzuri mshahara wa kawaida na kubakiza za ujumbe wa simu. Kazi yake ya kwanza iwe daftari: nani yuko wapi, kituo gani, fani gani, namba ipi, na likaguliwe kila robo mwaka kama anavyokagua bohari mwenye duka. Daftari likiwa na fani na wilaya ndani yake, taarifa ya kitita cha NHIF itakwenda kwa wanaohusika na taarifa ya posho za zamu itakwenda kwa vijana wa wodini. Hakuna tena haja ya kumtumia kila mtu kila kitu mpaka asisome chochote.

Ya pili ni lugha ya nyaraka. Vyama vya kitaaluma vina ugonjwa wa kuandika kurasa tatu za Kiingereza cha kisheria, na neno lenyewe likawa aya ya mwisho ya ukurasa wa tatu. Daktari ambaye kapumzika dakika nne kati ya wagonjwa hatafika huko. Neno liwe mstari wa kwanza, kwa Kiswahili kama inafaa, na tarehe ya mwisho iandikwe kwa tarakimu. MAT ina jarida lake la utafiti, na hiyo ni heshima, ila jarida la utafiti halimwambii mtu kwamba Ijumaa ndiyo mwisho wa kuwasilisha alama za mafunzo endelevu. Tangu sheria ya wanataaluma ya afya ya mwaka 2017, mafunzo hayo yameshikamana na leseni, na leseni ndiyo ugali.

Na mikutano isogezwe. Mkutano wa hoteli ya katikati ya jiji siku ya kazi, saa nane mchana, ni mkutano wa wenye madereva. Daktari wa Tegeta akifunga zahanati saa sita ili awahi, amepoteza mapato ya nusu siku na saa mbili za foleni. Ukumbi wa shule Tegeta au Mbagala, Jumamosi jioni, viti vya plastiki, soda moja moja, na mapato na matumizi ya chama yakiwa mkononi mwa kila aliyeingia, ungevuta watu ambao hoteli haijawahi kuwaona.

Haya si mambo ya kusubiri. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kwa kadiri inavyotekelezwa kadi ya bima inakuwa mgeni wa kawaida hata katika zahanati ndogo kabisa ya Tandale. Kila hatua itakuwa na kanuni zake, vitita vyake na bei zake, na wizara inapoomba maoni ya wadau muda huwa mfupi. Chama chenye daftari kinaweza kuuliza wanachama wake Ijumaa na kuingia kikaoni Jumatatu na majibu kutoka Bunju, Mwananyamala na Mbagala. Kisicho nalo kitapeleka maoni ya watu saba waliokutwa ofisini.